Visoda kwenye ubao wa drafti: usumaku ulivyojificha ndani ya superkondakta za chuma

Ukipita kijiweni jioni utawakuta watu wameinamia kipande cha ubao kilichochorwa miraba kwa makaa, wanacheza drafti kwa visoda. Mmoja analaza vyake chali, mwenzake analaza vyake kifudifudi, na mchezo unakwenda bila mtu kuuliza hiki cha nani. Kisoda kina namna mbili tu za kukaa, nazo zinatosha.

Naomba msomaji aushike ubao huo kichwani. Nitautumia kueleza jambo ambalo kwa kawaida huandikwa kwa kurasa nyingi za hesabu: namna atomu za chuma zinavyojipanga kisumaku ndani ya vitu vinavyoweza kupitisha umeme bila upinzani wowote, na kwa nini wanafizikia wanabishana juu ya mpangilio huo tangu mwaka 2008. Hesabu zangu hazitazidi kujumlisha, kutoa na kugawanya. Ila hizo chache nitazifanya hadharani, kwa sababu bila hizo mtu hubaki na picha nzuri asijue imetoka wapi.

Kwanza, kwa nini watu walishangaa.

Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri kwa selsiasi, akakuta upinzani wake wa umeme umetoweka ghafla. Haukupungua, ulitoweka. Kitu cha namna hiyo ndicho kinachoitwa superkondakta. Maelezo yake yalichelewa kwa miaka 46. Mwaka 1957 John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer walionyesha kwamba katika baridi kali elektroni huacha kwenda mojamoja, zikaenda jozi jozi, na katika kila jozi spini ya moja inatazama juu na ya nyingine inatazama chini. Spini ni tabia ya kuzaliwa ya elektroni, inayoifanya iwe kama sumaku ndogo kupita kiasi.

Sasa sumaku ya kawaida inafanya nini? Inazishurutisha spini zitazame upande mmoja. Jozi iliyofungwa kwa spini mbili zinazopingana haivumilii shuruti hiyo, inafumuka. Ndiyo maana kwa miongo mingi mtu aliyesaka superkondakta mpya alikikwepa chuma kama ukoma. Usumaku na upitishaji wa aina hii vilikuwa fahali wawili, na zizi ni moja.

Februari 2008 kundi la Hideo Hosono katika Tokyo Institute of Technology likatangaza kwamba msombo wa lanthanamu, oksijeni, chuma na aseniki (naam, aseniki ile ile ya sumu), ukibadilishiwa sehemu ya oksijeni kwa florini, unakuwa superkondakta kwenye kelvini 26. Hosono hakuwa mtu wa superkondakta hasa. Alijulikana zaidi kwa semikondakta angavu, zile zilizokuja kutumika kwenye vioo vya televisheni. Miaka miwili kabla, kundi lake lilikuwa limepata msombo wa jamaa hiyo hiyo, wenye fosforasi badala ya aseniki, uliofanya kazi kwenye kelvini 4 hivi, na wengi hawakugeuza hata shingo. Safari hii waligeuka. Kabla Aprili haijaisha, maabara za China zilikuwa zimeweka samariamu mahali pa lanthanamu na kufika kelvini 55. Tangu superkondakta za shaba za Georg Bednorz na Alex Müller za mwaka 1986, uwanja huu haukuwa umeona mbio za namna ile.

Lakini kilichozua maswali mengi zaidi kilikuwa msombo mama, ule ambao haujatiwa florini. Huo ukipozwa haugeuki superkondakta. Unageuka sumaku ya aina ya pekee, isiyovuta hata sindano.

Nyutroni zilivyoona

Sumaku isiyovuta sindano unaijuaje kuwa ni sumaku? Unairushia nyutroni. Nyutroni haina chaji, hivyo inapenya ndani ya fuwele bila kusumbuliwa na umeme wa atomu, lakini ina usumaku wake mdogo, na usumaku huo unasukumwa na spini inazozikuta njiani. Ukipima nyutroni zimetoka kwa pembe gani, unaweza kurudi nyuma kihesabu na kuchora spini zilivyopangwa. Katika mwaka huo huo wa 2008, kundi la Clarina de la Cruz na Pengcheng Dai huko Marekani lilifanya hivyo kwa LaFeAsO, yaani ule msombo mama wenyewe.

Walikuta mambo mawili, na mfuatano wake ndio utakaotushughulisha. Wakipoza, kwenye kelvini 155 hivi umbo la fuwele linabadilika: miraba ya chuma, iliyokuwa na pande sawa, inavutika kidogo ikawa mistatili. Kidogo kweli, chini ya asilimia moja. Kisha, baridi ikishafika kelvini 137, spini zinajipanga. Na zinajipanga kwa milia: mstari mzima wa atomu unatazama upande mmoja, mstari unaofuata unatazama upande wa pili, na kuendelea hivyo. Zikijumlishwa zote zinafutana. Ndiyo sababu sindano haivutwi.

Weka visoda ubaoni, kimoja katika kila mraba, mweupe na mweusi. Mstari wa kwanza wote chali, wa pili wote kifudifudi, wa tatu chali. Huo ndio usumaku wa msombo mama. Swali ni kwa nini uwe hivyo, na usiwe ule mpangilio ambao mtu yeyote angeutarajia, kisoda chali kizungukwe na vilivyolala kifudifudi pande zote nne, kama rangi za ubao wenyewe. Superkondakta za shaba, katika hali yao mama, zimepangwa hivyo hivyo kama rangi za ubao. Chuma kimekataa.

Bei ya ujirani

Hapa ndipo modeli za spini zinapoingia. Modeli ya spini ni mchezo wenye kanuni chache: unasahau karibu kila kitu kuhusu kifaa, unabakiza spini zilizokaa mahali pake, halafu unaweka bei ya ujirani. Wazo la kuzipa spini jirani bei kulingana na zinavyotazamana ni la Werner Heisenberg, mwaka 1928. Hali ya asili, yaani mpangilio ambao maumbile yatauchagua kwenye baridi kali, ni ule wenye gharama ndogo kuliko yote.

Kila kisoda kina majirani wanne wa ubavuni na wanne wa kona. Tuseme ujirani wa ubavu una bei J1 na wa kona una bei J2, na kwamba visoda jirani vikipingana vinapunguziwa kiasi hicho, vikifanana vinatozwa kiasi hicho. Kwa kuwa kila ujirani unamilikiwa na wawili, kwa hesabu ya kisoda kimoja kimoja kila mmoja anabeba ujirani miwili ya ubavu na miwili ya kona.

Sasa piga hesabu. Mpangilio wa rangi za ubao: ubavuni wote wanapingana, kwa hiyo unapunguziwa J1 mara mbili. Konani wote wanafanana, kwa hiyo unatozwa J2 mara mbili. Mpangilio wa milia: ubavuni, upande mmoja wanafanana na upande mwingine wanapingana, kwa hiyo tozo na punguzo zinafutana, sifuri. Konani wote wanapingana, kwa hiyo unapunguziwa J2 mara mbili.

Tia namba. J1 iwe 10 na J2 iwe 3. Rangi za ubao zinagharimu −20 + 6 = −14. Milia inagharimu −6. Rangi za ubao zinashinda. Panda J2 hadi 7: rangi za ubao sasa ni −20 + 14 = −6, milia ni −14. Matokeo yamepinduka. Mahali pa kupindukia ni pale J2 inapokuwa nusu ya J1. Jaribu 10 na 5 uone, zote mbili zinatoka −10.

Hivi ndivyo modeli ya J1 na J2 inavyoeleza milia: katika misombo hii ya chuma, ujirani wa kona una nguvu kupita nusu ya ujirani wa ubavu. Qimiao Si na Elihu Abrahams, na kando yao Taner Yildirim, walisema hivyo mapema mwaka huo huo wa 2008. Na kuna sababu ya kikemia ya kuwaamini. Aseniki haikai kwenye mstari kati ya chuma na chuma. Inakaa juu au chini ya katikati ya mraba wa chuma nne, kama kifungo juu ya makutano ya kona zake. Elektroni inayotaka kutoka chuma cha kona moja kwenda kona ya pili inapitia kwa aseniki, na njia hiyo ni fupi na pana. Kwenye shaba oksijeni iko ubavuni hasa, kwa hiyo J1 ndiyo inayotawala. Tofauti yote ya rangi za ubao na milia inaanzia kwenye mahali alipokaa yule mtu wa kati.

Wanafizikia wana neno la hali ambayo kisoda hakiwezi kumridhisha kila jirani. Kwa Kiswahili nafikiri *mtanziko* ndilo neno lake hasa. Kila kisoda kimetanzwa: kikiwapinga wa kona, lazima kifanane na wawili wa ubavuni ambao nao kilitaka kuwapinga.

Njiti za kiberiti

Visoda vina kasoro moja. Spini halisi ya chuma hailazimiki kuwa chali au kifudifudi. Inaweza kuelekea popote. Basi ondoa visoda, weka katika kila mraba njiti ya kiberiti, na kichwa cha njiti kiwe ndiyo ncha ya mshale. Hapa ubao unaanza kutoa mambo ambayo mimi binafsi nayaona ndiyo matamu kuliko yote katika habari hii nzima, kuliko hata milia yenyewe.

Ujirani wa kona unaunganisha mraba mweupe na mweupe, mweusi na mweusi. Kamwe hauunganishi mweupe na mweusi. Kwa hiyo J2 ikiwa kubwa, weupe wanajipanga wao kwa wao na weusi wao kwa wao, kama vile ni vijiji viwili vilivyochanganyika ardhi. Sasa simama kwenye mraba mmoja mweupe, uangalie majirani wako wanne wa ubavuni, wote weusi. Wawili wanatazama upande fulani, wawili wanatazama kinyume. Msukumo wao juu yako ni sifuri. Na hivyo ndivyo kwa kila mweupe. Maana yake unaweza kuzungusha njiti zote nyeusi kwa pamoja, nyuzi 10, 40, 90, upendavyo, na gharama haibadiliki hata senti moja. J1 ipo, lakini imejifuta yenyewe.

Kama mambo yangeishia hapo, milia isingekuwepo, kwa sababu milia inadai vijiji viwili vilale kwenye mstari mmoja. Kinachokuja kuamua ni mtetemo. Njiti hazitulii: joto linazitikisa, na hata joto likiisha kuna mtikisiko wa kikwanta usioisha. Ukihesabu vizuri unakuta kwamba vijiji viwili vikilala sambamba, mtetemo unapata nafasi zaidi ya kucheza, na nafasi hiyo inapunguza gharama. Vurugu ndiyo inayoleta utaratibu. Wanafizikia walilijua hili tangu miaka ya 1980, lakini bado ni aina ya jambo ambalo ukilisoma mara ya kwanza unarudia aya.

Halafu kuna sambamba mbili. Njiti nyeusi zikifuata mwelekeo mmoja, milia inakwenda kwa safu za kulala. Zikigeuka kinyume kabisa, milia inakuwa ya kusimama. Mbili tu. Tumerudi kwenye visoda! Ndani ya mchezo wa njiti zinazoelekea popote kumezaliwa kisoda kimoja kikubwa cha ubao mzima: milia ya kulala au ya kusimama.

Premala Chandra, Piers Coleman na Anatoly Larkin waliliandika hili mwaka 1990, miaka 18 kabla ya Hosono, wakati hapakuwa na superkondakta ya chuma ya kulitumia. Walikuwa wanajibu swali la nadharia. Mwaka 2008 makundi mawili huko Marekani yaliivuta hoja hiyo hadi kwenye chuma, kwa sababu ilikuwa inajibu fumbo la 155 na 137.

Jibu lenyewe ni hili. Kuna kanuni ya mwaka 1966, ya David Mermin na Herbert Wagner, inayosema kwamba kwenye bapa moja tambarare, mishale iliyo huru kuzunguka pande zote haiwezi kushika mpangilio wa masafa marefu maadamu kuna joto lolote. Mtikisiko unaisambaratisha. Lakini uchaguzi wa mambo mawili, wa kisoda, hauguswi na kanuni hiyo. Misombo ya chuma imejengwa kwa matabaka yanayoshikana kwa ulegevu, karibu bapa lakini si bapa kamili. Kwa hiyo ukiipoza, kisoda kikubwa kinaamua kwanza: milia itakuwa ya kulala. Spini zenyewe bado zinayumbayumba, kwa wastani hazitazami popote, ila tayari mashariki-magharibi hakulingani tena na kaskazini-kusini. Fuwele inahisi tofauti hiyo na kuvutika upande mmoja. Hapo ni kelvini 155. Baadaye, baridi ikizidi na matabaka yakishikana vya kutosha, njiti nazo zinatulia. Hapo ni 137.

Hali ya katikati, yenye mwelekeo lakini haina sumaku, inaitwa nematiki, jina lililoazimwa kwa fuwele za majimaji zilizomo kwenye vioo vya simu. Kundi la Ian Fisher kule Stanford, mwaka 2010, lilibana fuwele ili milia yote ielekee upande mmoja, likapima umeme: upinzani wa upande mmoja ulitofautiana na wa pili kwa kiasi kisicholingana hata kidogo na mvuto ule wa chini ya asilimia moja. Miaka miwili baadaye likaonyesha kwamba ni elektroni zinazoivuta fuwele, fuwele inafuata tu. Kama ndani ya elektroni kiongozi ni spini au ni obiti zake, yaani maumbo ya nafasi zinamokaa ndani ya atomu, hilo bado linapiganiwa.

Modeli inapokwama

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kazi imekwisha. Mwaka 2009 kundi la Dai lilipima mawimbi ya spini katika CaFe2As2, ndugu wa kalsiamu. Mawimbi ya spini ni kama ukigusa njiti moja na mguso ukasafiri ubaoni. Kasi na nishati yake vinakufichulia bei za ujirani moja kwa moja. Bei zilizotoka, kwa milielektronivolti (kipimo kidogo cha nishati), zilikuwa hivi: ujirani wa ubavu kwenye upande ambao spini zinapingana, karibu 50. Ujirani wa kona, karibu 19. Na ujirani wa ubavu kwenye upande ambao spini zinafanana, karibu −6.

Soma tena hiyo ya mwisho. Pande mbili za mraba ambao urefu wake umetofautiana kwa chini ya asilimia moja, na bei zimetofautiana hata kwa alama. Hakuna mfanyabiashara atakayekubali kwamba mita moja ya kitambaa ni shilingi hamsini na sentimita 99 za kitambaa hicho hicho unalipwa wewe shilingi sita uondoke nacho.

Dawa moja iliyotolewa ni kuongeza kanuni kwenye mchezo: bei isitegemee tu jinsi majirani wawili wanavyotazamana, itegemee pia kiasi hicho kikizidishwa kwa chenyewe, kwa bei K. Kanuni hii haijali kama mnafanana au mnapingana. Inachopenda ni mlale kwenye mstari mmoja. Inafanya kwa nguvu kazi ile ile ambayo mtetemo ulikuwa unaifanya kwa unyonge. Na ina matokeo mazuri: mara milia ikishajipanga, K inaonekana kwa nyutroni kama imeongezwa kwenye upande mmoja na kupunguzwa kwenye upande wa pili. Basi tengua. Wastani wa 50 na −6 ni 22: hiyo ndiyo J1 ya kweli, sawa kwa pande zote. Nusu ya tofauti yao ni 28: huo ndio mchango wa K. Na 19 ukigawa kwa 22 unapata kama 0.86, juu ya nusu kwa raha kabisa. Milia imeokoka na mraba umebaki mraba.

Mimi hesabu hii inanifurahisha, na inanitia mashaka. Mchango wa 28 ni mkubwa kuliko J1 na J2 zenyewe. Kiraka kikizidi nguo, mtu mwenye akili anaanza kuuliza habari za nguo.

Na nguo ilikuwa na matundu mengine. Ukubwa wa usumaku wa kila atomu hupimwa kwa magnetoni za Bohr. Chuma cha kawaida, cha jembe na nondo, kina 2.2. Chuma chenye chaji kilichomo kwenye misombo hii, kama elektroni zake zingekaa nyumbani, kingeweza kufikia 4. LaFeAsO ilipimwa ikaonyesha 0.36. BaFe2As2, ndugu wa bariamu, 0.87. Tena msombo mama ni metali, unapitisha umeme, ilhali msombo mama wa shaba ni kihami, haupitishi. Modeli ya spini inaanza kwa kusema elektroni zimekaa kila moja mrabani pake. Hizi zinatembea.

Kambi ya pili, ya Igor Mazin na David Singh na wenzao, na ya Kazuhiko Kuroki kule Japani, ilianzia hapo. Kwao mwanzo wa habari ni elektroni zinazotembea. Ukichora ramani ya mienendo yao unapata visiwa viwili, kimoja cha elektroni na kimoja cha matundu yaliyoachwa na elektroni, vyenye ukubwa unaokaribiana. Ukikisogeza kimoja kwa hatua fulani kinakaribia kukaa juu ya mwenzake, na hatua hiyo ndiyo hasa hatua ya milia. Elektroni hufaidika zikijipanga kwa hatua hiyo, nazo zinajipanga. Milia ile ile, bila J1 wala J2.

Hapo ndipo ubishi ulipokuwa mkali, na ndipo msomaji wa nje hupotea, kwa sababu kambi mbili zinatoa jibu moja kwa njia zisizokutana. Hata kuhusu superkondakta yenyewe zilikutana mwishoni tu: zote mbili zinasema jozi zinaungana kwa msukumo wa spini, na kwamba alama ya wimbi la jozi inageuka kutoka kisiwa kimoja hadi kingine, chanya hapa, hasi kule. Nyutroni zilipokuta, mwishoni mwa 2008, mlio mpya wa spini wa milielektronivolti 14 unaojitokeza pale tu msombo wa bariamu unapogeuka superkondakta, kambi zote zilisema, si tuliwaambia.

Kijiwe kina msimamo wake

Kilichopunguza ubishi, kwa maoni yangu, ni kazi za Kristjan Haule na Gabriel Kotliar wa Rutgers. Wao walikumbusha kanuni ya zamani ya Friedrich Hund: elektroni zinazokutana ndani ya atomu moja hupenda spini zao zitazame upande mmoja. Katika chuma hiki kanuni hiyo ina nguvu sana.

Rudi kijiweni, safari hii acha ubao, wasikilize watu. Wanakuja na kuondoka. Aliyekuwepo asubuhi jioni hayupo. Lakini kijiwe kina msimamo wake. Ukifika pale utajikuta unaongea lugha ya pale, na ukiondoka mwingine anashika. Atomu ya chuma katika misombo hii iko hivyo. Elektroni hazikai, kambi ya pili imesema kweli. Lakini wakati wowote ule zilizopo zinatazama upande mmoja, na atomu ina spini yake kubwa inayoeleweka, kambi ya kwanza nayo imesema kweli. Ukipima haraka unaikuta spini kubwa. Ukipima polepole, kwa wastani wa muda, unakuta 0.36, kwa sababu kijiwe kimegeuza mada mara nyingi wakati kipimo chako kinaendelea.

Kuna jaribio moja linaloonyesha mpaka wa modeli ya spini waziwazi. Katika misombo ya strontiamu na sodiamu, ukitia sodiamu kwa kiwango fulani, milia ya kulala na ya kusimama hutokea pamoja, zikapandana, na miraba inarudi kuwa miraba. Palipo na milia miwili inayokubaliana spini inaongezeka maradufu. Isipokubaliana, inafutika. Mwaka 2016 vipimo vya Mössbauer, vinavyosikiliza kila atomu ya chuma ilipo, vilithibitisha kwamba nusu ya atomu zina usumaku na nusu hazina kabisa. Kwenye ubao wetu jambo hilo haliwezekani. Unaweza kugeuza kisoda, huwezi kukifanya kisiwepo. Mawimbi ya elektroni zinazotembea yanaliweza bila taabu.

Ila usiutupe ubao. Chukua FeTe, chuma na teluriamu. Visiwa vyake vinadai hatua ile ile ya milia, lakini spini zake zimekataa: zinakwenda mbili mbili, jozi za safu zilizokaa mshazari, na kila atomu ina karibu magnetoni 2. Hapa kambi ya elektroni zinazotembea ndiyo inayokwama, na kambi ya ubao inatatua kwa kuongeza bei ya tatu, J3, kwa jirani aliyeruka mraba mmoja.

Kisha kuna FeSe, chuma na seleniamu, msombo mwepesi kuliko yote kwa kuandikwa na mgumu kuliko yote kwa kueleweka. Ukipozwa hadi kelvini 90 hivi, kisoda kikubwa kinaamua na miraba inavutika, kama LaFeAsO. Unangoja spini zitulie. Hazitulii. Kelvini 50, 20, hakuna kitu, na kwenye 8 inageuka superkondakta ikiwa bado inayumba. Wenye modeli za spini wanaeleza kwamba J1, J2, J3 na K zimekaribiana mno hivi kwamba milia na mipangilio mingine kadhaa inagharimu karibu sawa, na spini zinazungukazunguka kati yake bila kuamua. Nyutroni zilipopima zilikuta humo mitetemo ya milia na ya rangi za ubao kwa pamoja, jambo linaloiunga mkono picha hiyo. Wengine wanasema chanzo ni obiti.

Bana sasa kipande hicho cha FeSe kwenye mashine ya shinikizo. Ukifika mara elfu kumi hivi ya kanieneo ya hewa tunayoivuta, usumaku ambao haukuonekana unajitokeza. Endelea kubana, na halijoto ya superkondakta nayo inapanda, kutoka 8 hadi kelvini 37 hivi. Wale fahali wawili, humo ndani ya zizi moja, kwa sehemu ya safari hiyo wananenepa pamoja.